Picha ya Kilwa na bati la Mama

Leo sikuandikii habari za mapenzi wala za mashoga wanaonyang'anyana mabwana. Leo tuongee kuhusu picha. Ndiyo, picha! Zile ambazo vijana tunamlipa mpiga picha, tunamfuata mpaka mji wa watu, tunauza sura siku nzima, halafu tukirudi nyumbani tunalalia uji.

Usicheke. Yamenikuta mwenyewe.

Kwetu ni Nachingwea, ingawa mimi nimepanga chumba Ruangwa, ambako nauza mitumba na kuandika haya unayoyasoma. Kwenye sebule ya Mama pale Nachingwea kulikuwa na picha moja tu ukutani. Ni Baba, Mungu amrehemu, kasimama wima kama askari wa gwaride, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Nyuma yake kuna ndege imeshusha ngazi, utadhani ndiyo kwanza anateremka kutoka Ulaya. Kumbe ndege yenyewe imechorwa kwenye pazia! Ilikuwa mwaka 1994, studio moja ya pale mjini, wiki chache kabla hajamwoa Mama. Baba hakupanda ndege hata siku moja mpaka tunamzika mwaka 2008, mimi nikiwa darasa la tatu.

Enzi zile picha haikuwa mchezo, bwana. Filamu ina picha 36, fundi hakubali kupoteza hata moja. Unasimama, unaambiwa usipepese macho, taa inapiga, umekwisha. Halafu usubiri filamu ijae ndipo ikasafishwe. Ndiyo maana wazee wetu hawacheki kwenye picha. Utacheka vipi na hela imeshatoka?

Na lile pazia usilidharau. Watu wa pwani tumeanza kuuza sura siku nyingi. Zanzibar, A. C. Gomes alikuwa na studio yake tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ikafunguliwa mwaka 1930. Kule Lamu, Omar Said Bakor alifungua studio miaka ya 1960, akawa anaunganisha picha kwa mkasi na gundi, kabla kompyuta haijajulikana mitaani. Watu walikuwa wanapendeza, wewe!

Basi, mvua za mwaka jana zikamwagika. Bati la Mama limeliwa na kutu mpaka ukilala chali unahesabu nyota. Maji yakateremka ukutani usiku kucha, yakaingia kwenye fremu. Asubuhi tunaamka, uso wa Baba umenata kwenye kioo. Mama akajaribu kuubandua taratibu kwa ncha ya kisu, nusu ikabaki kwenye kioo, nusu ikawa tope. Kilichosalia ni jicho moja, sikio moja na ndege. Ndege haikuguswa hata mkia!

Mama hakulia. Alikaa kwenye mkeka, akasema, "Haya." Basi. Neno moja tu.

Nilipiga picha kile kilichobaki kwa simu yangu, tukaendelea na maisha. Ulipofika msimu wa korosho, mambo yakawa si haba. Kama hujui, korosho za kwetu zinapelekwa chama cha msingi, zinapigwa mnada chini ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na hela yako inaingia benki. Mimi nina mikorosho michache aliyoniachia Baba. Nikajumlisha na upatu niliopokea mwezi ule, nikajikuta nina shilingi 600,000 taslimu. Sijawahi kuwa tajiri kiasi kile tangu nimalize kidato cha nne.

Sasa shoga yangu mmoja wa Ruangwa, jina namhifadhi, akanijia na wazo. Twende likizo, tukapige picha za nguvu, za mpiga picha wa kukodi, kwenye mji wa historia. Wenzetu wanaokwenda Paris na Roma wanamwita mpiga picha kama sisi tunavyoita bodaboda. Sisi tumekosa nini?

Tukaanza na Unguja. Mji Mkongwe, milango ya kuchonga, vichochoro, Ngome Kongwe, mambo bomba. Mpiga picha niliyempigia simu akanitajia bei kwa dola. Nikamshukuru, nikakata simu, nikanywa maji.

Ndipo shoga akasema, Kilwa je? Nikajipiga kofi la paji la uso. Sisi si watu wa mkoa wa Lindi? Kilwa Kisiwani si iko mkoani kwetu? Mji uliokuwa unakusanya dhahabu ya Sofala na kupiga sarafu zake wenyewe! Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1331 akausifu. Sarafu za Kilwa zimeokotwa mpaka visiwa vya kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. UNESCO waliyaandikisha magofu yake kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Na mimi niliyezaliwa mkoa huo huo nilikuwa sijakanyaga.

Kaka yangu aliposikia akatucheka. "Mnakimbilia Kilwa, Nachingwea hamuoni historia?" Kweli ipo. Waingereza walikuja kufyeka mapori baada ya vita kuu ya pili ili walime karanga, wakajenga reli kutoka Mtwara, mradi ukafa mwaka 1951, na reli nayo baadaye ikang'olewa. FRELIMO walikuwa na kambi kwetu, Samora Machel na wapiganaji wake wakijiandaa, mpaka Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975. Lakini niambie msomaji, utapiga pozi gani na reli iliyong'olewa?

Tukapata mpiga picha wa kutoka Lindi mjini. Kazi zake tuliziona kwenye simu, nzuri kweli. Bei 200,000 kwa saa nne, picha 40 zilizosafishwa kwa kompyuta, tutazipata baada ya siku saba. Nusu itangulie, na ikishatangulia hairudi. Shoga akatoa 50,000, nami 50,000, tukatuma. Nikakodi na gauni jekundu lenye mkia mrefu. Kichwani nilikuwa nimeshakuwa mrembo wa kalenda.

Siku mbili kabla ya safari nikaenda Nachingwea kumuaga Mama. Nilidhani atafurahi. Nikamwambia, "Mama, nikirudi nitakuletea picha yangu kubwa, tuitundike pale ilipokuwa ya Baba."

Mama akaangalia ukuta. Halafu akainua macho juu, kwenye bati.

"Mwanangu."

"Abee, Mama."

"Hiyo picha mpya utaitundika chini ya paa gani?"

Jasho jembamba likanitoka. Mpenzi msomaji, mimi nina 600,000 na paa ndilo lililomla Baba usoni, na wazo la kununua bati halikuwahi kupita kichwani mwangu hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimewaza gauni. Nikabaki nachora chini kwa kidole kama mwari.

Nikiwa bado natafuta neno, simu ikaita. Shoga! Bwana wake kamkatalia safari, eti mwanamke wa kuposwa hawezi kwenda kulala Kilwa. Na ile 50,000 yake anaitaka. Nikamweleza kwamba hela ya mbele hairudi, tulikubaliana. Akasema yeye hajui, alinipa mimi mkononi. Nikaona yasiwe makubwa, nikamrudishia. Mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana kwa kope.

Nikamgeukia Mama. "Basi, Mama. Siendi tena. Tununue bati."

Mama akauliza, "Huyo mtu wa picha umeshampa ngapi?"

"Laki moja."

"Na hairudi?"

"Hairudi."

Mama akasimama, akakung'uta kanga. "Laki moja tumwachie mtu hivi hivi, kama tumemwibia? Nitafutie nauli. Tunakwenda wote."

Ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake Mama akaja Ruangwa, akalala kwangu, alfajiri tukapanda gari. Tukashika Nanganga, Mingoyo, Lindi, mpaka Nangurukuru, tukaingia Kilwa Masoko mchana. Kuvuka kisiwani hakuwi kienyeji, lazima uanzie ofisi ya magofu, uandike jina, ulipe, upewe kibali na mtembezaji. Hilo tulilimaliza siku ile ile.

Mpiga picha tulikubaliana saa 12 asubuhi gatini, ili tupate jua la asubuhi ambalo ni laini usoni. Alifika saa 3 kasorobo, anatabasamu. Akasema gari lilimchelewesha. Kufika upande wa pili maji yamekupwa, mashua ikakwama mbali, tukashuka na kutembea ndani ya maji. Mimi na gauni la mkia limebebwa kichwani kama mzigo wa kuni, Mama mbele yangu kanga imepandishwa magotini, viatu mkononi, anatembea kama amezaliwa pale.

Kinachokupokea ufukweni ni Gereza. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 walipouvamia mji, na hili linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja kulijenga upya. Mtembezaji akatuambia neno lenyewe gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa. Mama akasema, "Kanisa likageuka jela? Ama kweli dunia ina vituko."

Nikavaa gauni nyuma ya ukuta. Tukaanza. Inua kidevu, geuza bega, angalia baharini kama unayemkumbuka mtu. Jua la saa nne linachoma, poda inateremka shingoni. Watoto wa kisiwa, maana pale wapo watu wanaoishi maisha yao, wakajipanga kuniangalia. Mmoja akamuuliza mwenzake kama mimi ni bibi harusi na bwana harusi amekimbia. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke.

Tulipofika Msikiti Mkuu, mtembezaji akaniambia kwa adabu, "Dada, hapa tujistiri kidogo." Mama bila maneno akanirushia kanga. Nikajifunga, nikaingia.

Msomaji, ukifika pale utanyamaza mwenyewe. Sehemu ya kwanza ya msikiti ni ya karne ya 11, halafu masultani wakauongeza kwa nguzo na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani kuna kivuli na ubaridi. Sehemu ile ya zamani kule nyuma haina paa, ukiingia unaliona anga.

Mama akasimama pale penye anga, akainua macho juu, vile vile alivyofanya sebuleni kwake.

"Baba," akamwita mtembezaji, kijana mdogo tu, "hawa nao paa liliwaangukia?"

"Ndiyo, Mama. Miaka mingi sana."

Mama akanigeukia. "Umesikia? Dhahabu yote ile, na paa likaja chini."

Nilicheka mpaka machozi. Halafu sikucheka tena.

Ndipo nikamwambia mpiga picha, sasa mpige Mama. Mama akajitengeneza kilemba, akaenda kusimama chini ya tao, pembeni kabisa, mikono imeshuka, uso mkavu. Namna ile ile ya Baba na ndege yake.

"Mama, tabasamu kidogo," kijana akasema.

"Piga tu, baba."

"Basi sogea katikati."

"Hapana. Katikati si peke yangu. Hapo pa mwenzangu."

Kijana akaniangalia. Nikatoa simu, nikamwonyesha ile picha iliyoliwa na maji. Akaitazama, akakuza kwa vidole, akachangamka. "Mbona hii rahisi! Siku hizi kuna programu zinamalizia ile nusu iliyopotea. Namtengeneza mzee vizuri, namweka hapo pembeni, hutajua kama hakuwepo."

Mama akauliza, "Inamjua?"

"Nani, Mama?"

"Hiyo programu yako. Inamjua mume wangu?"

"Hapana, Mama. Inakisia."

"Basi isikisie. Acha nafasi."

Kijana akaacha nafasi. Akapiga mara tatu, kimya, bila kumwambia mtu atabasamu. Mimi nilikwenda nyuma ya nguzo nikawa nafuta poda iliyoingia machoni. Ndiyo, ilikuwa poda.

Husuni Kubwa tulifika tumechoka, lile kasri alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman karne ya 14, lenye birika la pembe nane. Pale sikupiga pozi lolote. Mama alikaa ukingoni, tukala mihogo na samaki wa kukaanga, tukaangalia bahari. Jioni tukapanda gari, usiku wa manane tukawa Ruangwa.

Hesabu nikaifanya juu ya godoro. Mpiga picha 200,000. Nauli zetu kwenda na kurudi 80,000. Chumba Masoko 25,000. Kibali, mtembezaji na mashua 40,000. Kula 25,000. Jumla 370,000. Nikabakiwa na 230,000. Asubuhi, kabla shetani hajaamka, nikaenda dukani, bati moja 28,000, nikachukua bati 8. Paa la Mama linataka 20. Nikabaki na 6,000, ndiyo nauli iliyonirudisha kwenye mitumba yangu.

Picha nazo? Siku saba zikageuka wiki sita. Nikapiga simu mpaka namba yangu ikawa adui. Zikaja 27 badala ya 40. Mimi kanisafisha sana, kanifanya mweupe kama karatasi. Mama alipoziona kwenye simu akauliza, "Huyu binti ni nani?" Sikuwa na jibu.

Lakini ile ya Mama hakuigusa. Mama, tao, kivuli, na nafasi ya mtu mmoja pembeni yake. Nikaisafisha kwa ukubwa, nikaiweka fremu, nikaipeleka Nachingwea. Mama aliishika mikononi muda mrefu, akaipapasa pale penye nafasi kwa kidole gumba.

Kwa hiyo wewe unayepanga kwenda kupiga picha za likizo, nikupe ya kwangu bure. Kabla ya kutuma hela, andikianeni, hata kwa ujumbe wa simu: picha ngapi, lini, saa ngapi, akichelewa inakuwaje, usiposafiri inakuwaje. Muulize nauli yake na mashua analipa nani. Uliza maji yanajaa na kupwa saa ngapi, maana bahari haina habari na gauni lako. Kibali chukua jana yake. Beba kanga, makaburi na misikiti ya watu si pazia la studio. Mwambie mapema asikubadilishe rangi. Mkishirikiana na shoga, kila mmoja atume hela yake kwa mkono wake. Na mwisho kabisa, kabla hujatafuta ukuta wa mji wa historia, angalia kwanza paa la kwenu.

Je, najuta? Mama nilimuuliza hivyo hivyo. Nikasema, Mama, hela ile yote ingetosha bati 20, na misumari ingebaki. Akanijibu, "Bati ningepata. Kilwa nani angenipeleka?" Kisha akaongeza, ili nisivimbe kichwa, "Lakini bati lenyewe bado."

Bado kweli. Picha haijatundikwa. Iko kwenye sanduku la Mama, imezungushiwa nailoni mara tatu, juu yake kaweka ile fremu ya zamani yenye jicho moja na ndege. Bati 8 zimeegemezwa nyuma ya mlango. Zimebaki 12, na mikorosho haijaanza kutoa maua.

Haya, mpenzi msomaji, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Na wewe mwenye bati la ziada, usione haya kunitafuta.